Wanamwambia Nini Mungu?

Nilinena kwa lugha kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha tatu, kwenye mkesha wa Ijumaa, yapata saa nane usiku. Nilikuwa nadanganya.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, hapo Tabora. Sitaitaja jina, kwa sababu si shule iliyonituma. Kikundi cha maombi tulikiendesha wenyewe, na mara moja moja alikuja dada mmoja kutoka mjini kutufundisha. Tulimwita Mtumishi. Usiku ule alitupanga mstari sisi ambao tulikuwa bado hatujajazwa. Tulikuwa saba. Akatuambia tufumbe macho, tuseme haleluya, tuiseme haraka, haraka zaidi, mpaka ulimi uache kututii. "Usifikiri," alisema. "Ukifikiri unamzuia Roho." Nyuma yetu waliokwisha kujazwa walikuwa wakiomba kwa sauti, darasa zima likivuma kama mzinga wa nyuki.

Wa kwanza alianza kutetemeka, wa pili akafuata. Ilipofika saa nane tulikuwa tumebaki wawili, mimi na msichana aliyelala juu yangu kwenye deka. Miguu iliniuma na usingizi ulinizidi. Zaidi ya yote niliogopa kubaki wa mwisho. Nikakumbuka sauti za mhubiri mmoja niliyewahi kumsikia redioni. Nikaazima silabi zake mbili tatu, nikaongeza zangu. Raba shanda, shanda raba, kalamasi. Dada akapiga kelele, "Asante Yesu, amepokea!" Nikakumbatiwa na watu wengi kwa pamoja, mmoja akanifunika khanga. Nililia sana, na kilio kile hakikuwa cha uongo. Sikuwahi kupokelewa hivyo mahali popote.

Yule jirani yangu wa kitanda cha juu alibaki amesimama peke yake mpaka kulipokucha.

*

Kwa asiyeujua ulimwengu huu, kunena kwa lugha ni kusali kwa maneno ambayo msemaji mwenyewe hayaelewi, wala wanaomsikia, kwa imani kwamba anayesema ndani yake ni Roho Mtakatifu. Kwa Wakristo wengi wanaonena, ni karama kama karama nyingine. Kwa baadhi yao ni zaidi ya hapo: ni ushahidi kwamba mtu amebatizwa kwa Roho. Sisi tulifundishwa hivi vya pili. Na jambo likishakuwa ushahidi, asiyekuwa nalo anageuka mshtakiwa.

Ndani ya miezi mitatu nilikuwa kiongozi wa maombi wa bweni letu. Nilikuwa na sauti nzuri na silabi zangu zilikuwa zimekomaa. Sikujiona mwongo. Nilijiambia kwamba nilianza kwa uongo lakini Mungu ameukubali, kama mtoto anayejifunza kutembea kwa kushika kuta. Kuna siku hasa nilipokuwa na huzuni, zile sauti zilitoka zenyewe, mwili ukalegea, nikaamka nimetulia kama niliyelala usingizi mzuri. Hilo silikani hata leo.

Jirani yangu aliendelea kuja. Kila mkesha alisimama kwenye mstari, kila mkesha aliondoka kimya. Mwishowe Mtumishi alituambia viongozi tukae naye, tumsaidie "kuondoa kizuizi". Mimi ndiye niliyemweleza. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe nyuma ya bwalo, naikumbuka hata harufu ya maembe yaliyooza. Nilimwambia, "Mpendwa, kuna kitu hujaungama."

Akafikiri. Akasema ameungama kila kitu anachokikumbuka. Nikamwambia Roho hakawii bila sababu. Akaanza kufunga. Siku ya nne alianguka mstarini asubuhi, akapelekwa zahanati. Aliporudi, usiku ule ule, alisimama mbele ya kikundi akaungama kwamba ndiye aliyeiba pesa za matumizi zilizopotea bwenini muhula uliopita. Watu wakalia, wakamshukuru Mungu, wakamwekea mikono. Hakunena. Kesho yake bweni zima lilikuwa linamwita mwizi.

Nilijua hakuiba. Usiku zilipopotea zile pesa alikuwa mgonjwa wa malaria, nami ndiye niliyemchotea maji ya kuoga. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu ungamo lake lilithibitisha neno langu: kulikuwa na kizuizi, na mimi nilikiona. Muhula uliofuata alihamia bweni jingine, na kwenye maombi hakuonekana tena.

*

Bibi mzaa mama aliishi Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora. Watalii wachache wanaofika huko huenda kuliona tembe ambalo Stanley na Livingstone walikaa mwaka 1872 wakitokea Ujiji. Stanley alishika njia ya pwani mwezi Machi, Livingstone akabaki pale kusubiri wapagazi hadi Agosti. Bibi hakuwa na habari nyingi za Livingstone. Habari zake zilikuwa za babu yake mwenyewe, aliyekuwa mpagazi, aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na kurudi na vitambaa.

Jambo alilolisisitiza kila mara ni kwamba babu yake hakuheshimiwa kwa mabega. Mabega kila Mnyamwezi wa wakati ule alikuwa nayo. Aliheshimiwa kwa sababu alijua Kigogo. Njia ya Bagamoyo ilipita Ugogo, nchi kavu, na huko msafara ulidaiwa hongo kabla ya kuruhusiwa visimani. Kiongozi wa msafara na mtemi wa mahali walipaswa kuelewana vitambaa vingapi, vya aina gani, ushanga kiasi gani. "Neno likikosewa," bibi alikuwa akisema, "watu mia wanalala na kiu." Basi babu yake alikaa katikati, akasema huku na kusema kule.

Bibi alikuwa Mmoraviani. Wamoraviani waliingia Unyamwezi mwaka 1898, walipopokea kituo cha Urambo kutoka kwa London Missionary Society, na dini yao ya utulivu ilimfaa bibi kama kiatu cha zamani. Aliimba sauti ya pili, alisali kwa Kinyamwezi, na sala zake zilikuwa fupi kama maagizo ya dukani. Angetaja mtu kwa jina, angetaja shida yake, angesema asante, angekaa.

Aprili 2014 nilikuwa nyumbani, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kupangiwa kidato cha tano. Bibi akaugua. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, daktari akasema moyo umechoka. Mama akamrudisha Kwihara kama alivyotaka. Nikawaita wapendwa wa kikundi changu cha mjini, wakaja wanane kwa bodaboda, tukamzunguka kitandani. Tuliomba karibu saa nzima. Tulinena wote kwa pamoja. Bibi alikuwa amefumbua macho muda wote, anatutazama mmoja mmoja kama mtu anayehesabu kuku wanaoingia bandani.

Walipoondoka aliniita nikae. Akauliza, "Mjukuu wangu, wanamwambia nini Mungu juu yangu?"

"Ni lugha ya rohoni, bibi."

"Sawa. Nani anafasiri?"

Nikasema si lazima ifasiriwe, Mungu anaelewa. Akatikisa kichwa. "Hata pepo akimpanda mtu, lazima awepo wa kumwuliza: wewe ni nani, unataka nini? Na pepo anajibu, watu wanajua kama ni mbuzi au ni kitambaa cheupe. Hawa wenu hawaulizwi?"

Nikamwambia asifananishe. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipopita akanishika mkono. "Wewe nawe ulinena, nilikusikia. Ulisema nini?"

Ningeweza kusema sijui. Lilikuwa jibu la kweli na lilikuwa na neno moja tu. Lakini nilikuwa kiongozi wa maombi, nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilimpenda. Nikasema, "Nilisema utapona."

Aliamini. Hakuamini kwa sababu ya lugha za rohoni, ambazo kwake zilikuwa kelele za vijana. Aliamini kwa sababu mimi ndiye niliyesema. Jioni ile mama alitaka kumpigia simu mjomba aliye Ujiji aje haraka. Bibi akakataa. "Msimsumbue, aache kwanza mvua zipite, amalize biashara yake. Atakuja Juni. Huyu mtoto ameambiwa nitapona." Mama akapiga simu akasema hali si mbaya, hakuna haraka.

Bibi alifariki siku ya tisa. Treni ya Kigoma haikuwa ya kila siku, na mjomba alifika siku moja baada ya maziko. Alikwenda kaburini peke yake, akarudi na matope viatuni, akakaa uani. Akauliza, si kwa hasira, "Mama aliniambia mwenyewe kwenye simu kwamba atapona. Nani alimwambia?" Mama akasema wagonjwa hujipa moyo. Mimi nilikuwa nimeshika jagi la uji. Niliendelea kumimina.

*

Nilipofika chuo kikuu Dar es Salaam nilianza kusoma kuhusu lugha hizi. Nilisoma kama mshtakiwa anavyotafuta wakili.

Nilianza na Biblia yenyewe. Katika Matendo ya Mitume sura ya 2 wanafunzi wanasema kwa lugha ngeni Yerusalemu, lakini muujiza unaoelezwa ni kwamba wageni kutoka nchi nyingi wanasikia kila mmoja lugha ya kwao. Kila mtu anaelewa. Kisha kuna Korintho, kule Ugiriki, mji wa bandari mbili, mji wa wapita njia na wafanyabiashara, na hapo ndipo Paulo anapoandika kwa urefu kuhusu watu wanaonena bila kueleweka. Hakatazi. Anasema mwenyewe ananena kuliko wao wote. Lakini anaweka masharti: wawili au watatu tu, kwa zamu, na awepo wa kufasiri. Asipokuwepo, mtu anyamaze kanisani, aseme na Mungu wake moyoni. Anasema afadhali maneno matano yanayoeleweka kuliko maelfu yasiyoeleweka. Na anauliza, kwa namna ambayo jibu lake ni hapana, kama wote wananena kwa lugha. Nilisoma mstari huo wa mwisho nikafunga kitabu. Nilimfikiria jirani yangu wa kitanda cha juu. Miaka yote ile jibu lake lilikuwa ndani ya Biblia iliyokuwa chini ya mto wangu.

Kisha nikasoma uamsho wa kisasa ulikoanzia. Mwaka 1901, huko Topeka, Marekani, wanafunzi wa mhubiri Charles Parham walianza kunena. Mwaka 1906 moto ukawaka Los Angeles, mtaa wa Azusa, chini ya William Seymour, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa. Watu weusi na weupe walisali pamoja wakati ambapo nchi yao ilikuwa imewatenga, na hilo peke yake lingetosha kuitwa muujiza. Lakini wengi wao waliamini kwamba sauti zinazowatoka ni lugha halisi za dunia, Kibengali, Kichina, na kwamba Mungu amewapa ili wakahubiri bila kupoteza miaka darasani. Wapo walioamini kiasi cha kupanda meli. Alfred Garr na mkewe walikwenda India wakidhani wataeleweka. Hawakueleweka. Wamisionari wa namna hiyo ilibidi waajiri wakalimani, au wakae chini na mwalimu na daftari kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Hapo ningetegemea imani ile ife, lakini ilibadilika tu. Kama si lugha za watu, basi ni lugha za rohoni. Na mwaka 1916 kanisa la Assemblies of God la Marekani, lililokuwa na umri wa miaka miwili, liliweka kwenye tamko lake la imani kwamba kunena ndiyo dalili ya kwanza ya ubatizo wa Roho. Wazo hilo lilivuka bahari na wamisionari, likawekwa kwa Kiswahili, likavaa nguo zetu, na siku moja likafika kwenye darasa letu saa nane usiku.

Mwanaisimu William Samarin aliandika kitabu mwaka 1972 baada ya kuzisikiliza sauti hizi katika nchi kadhaa. Aligundua kwamba mtu anaponena hutumia sauti za lugha anazozijua, huzipanga na kuzirudia, lakini hakuna sarufi wala maana inayoweza kutolewa. Hakusema wanaonena ni wagonjwa. Alisema ni watu wa kawaida, na kwamba yeyote anaweza. Nikafanya jaribio langu. Nilijifungia chumbani hosteli, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikanena dakika tano. Nikaandika nilichokisikia. Kila silabi iliishia na irabu. Hapakuwa na sauti hata moja isiyokuwemo kwenye Kiswahili. Kama nilipewa lugha ya malaika, basi malaika hao walizaliwa Isevya.

Lakini sitaki kuwa mtu wa kucheka tu. Mwaka 2006 daktari Andrew Newberg wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walipima ubongo wa wanawake watano wakinena kwa lugha, wakaona kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo mtu huitumia kupanga na kuamua anachosema, ilipunguza kazi. Watano ni wachache, lakini matokeo yaliafikiana na maneno ya wanawake hao: hawakuwa wakijiendesha. Nami nakumbuka zile siku za huzuni, sauti zilipotoka zenyewe. Na nakumbuka maziko ya bibi, wanawake wa Kwihara walivyopiga yowe jeneza lilipotoka ndani. Yowe lile halikuwa na neno. Hakuna aliyeomba tafsiri, na sote tulielewa. Sala isiyo na maneno ipo, na siwezi kumwambia mtu kwamba ya kwake haifiki.

Kwa hiyo kuuliza kama zile sauti zinatoka mbinguni hakunisaidii tena. Siku hizi nauliza tunazifanyia nini zikishatoka. Mtu akilia chumbani kwake kwa sauti asizozielewa, hilo ni lake na Mungu wake. Sisi tulizichukua sauti zile tukazifanya mtihani wa kuingilia. Kisha tukazifanya cheo, na mwisho tukazifanya habari, kana kwamba tumeambiwa jambo.

*

Katika kusoma kwangu nilikutana na mtu mmoja ambaye tangu hapo sijaacha kumfikiria. Ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Uyao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akaishi huko miaka mingi mpaka bwana wake alipokufa. Mwaka 1857 alikutana na Burton na Speke, akasafiri nao kutoka pwani hadi Kazeh, ndiyo Tabora yetu, na mbele mpaka Ujiji. Speke hakujua Kiswahili. Alijua Kihindustani kidogo cha jeshini India, na Bombay alikijua cha utumwani. Basi Speke alisema na Bombay kwa Kihindustani kibovu, Bombay akageuza Kiswahili, na mtu mwingine akageuza Kinyamwezi au lugha ya mahali walipofika. Jibu likarudi kwa ngazi hizo hizo.

Mwaka 1858 Speke aliondoka Kazeh kwenda kaskazini, Burton akabaki, na huko Speke akaliona ziwa ambalo leo tunaliita Victoria. Aliporudi Burton hakukubali madai yake kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Moja ya hoja zake ilikuwa Bombay: kwamba alimwelewa Speke vibaya na akatafsiri vibaya. Speke ndiye aliyekuwa sahihi kuhusu ziwa, lakini ninachokipenda ni ubishi wenyewe. Waliweza kubishana kwa sababu kulikuwa na maneno. Mtu alisema, mtu akafasiri, na mtu wa tatu aliweza kuuliza: una hakika alisema hivyo?

Tabora ilijengwa na swali hilo. Mwarabu, Mnyamwezi, Mmanyema, Myao, Mhindi, wote walipita hapa na lugha zao, na Kiswahili chenyewe kilifika Unyanyembe kama lugha ngeni, mabegani mwa wapagazi. Hakuna aliyepewa heshima kwa kusema jambo lisiloeleweka. Aliyepewa heshima ni yule aliyekaa katikati akasema, "Anasema hivi." Na akikosea alijulikana, maana visima vilifungwa.

Mimi nilikaa katikati ya bibi na Mungu nikasema, "Anasema hivi." Sikuwa nimesikia chochote.

*

Mwaka jana nilimtafuta jirani yangu wa kitanda cha juu. Namba yake niliipata kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma nasi. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi: nilijua hukuiba, nilinyamaza, naomba unisamehe. Alijibu baada ya siku mbili. Alisema alikuwa ameishiwa dhambi za kuungama, ndiyo maana akatunga moja, na akachagua ile kwa sababu watu walikuwa wanaitafuta. Alisema baba yake aliposikia alilipa zile pesa. Kisha akaandika, "Nimekusamehe zamani. Ila ungesema wakati ule." Nikamuuliza kama bado anasali. Akasema anasali, lakini si mahali penye mstari.

Baadaye nilipanda treni ya Kigoma. Nilitaka kumwambia mjomba uso kwa uso. Treni ilipita Urambo, Kaliua, ikavuka Malagarasi, ikasimama Uvinza, mahali ambapo misafara ilinunua chumvi. Usiku kucha nilikuwa napanga maneno. Asubuhi nikachukua daladala hadi Ujiji.

Mjomba ana duka la dagaa. Alioa Ujiji, mke wake ni Mmanyema, naye mwenyewe alisilimu kabla mimi sijazaliwa. Alinipokea kwa furaha, akataka habari za mama, habari za mvua Tabora, bei ya asali. Tulipokaa mkekani nikamwambia. Nilimwambia yote: mkesha, silabi za redioni, kitanda cha bibi, swali lake, jibu langu. Nilisema, "Mjomba, aliyemwambia ni mimi."

Alikaa kimya muda mrefu. Nje watoto walikuwa wanagombania tairi. Mwishowe akauliza, "Ulisikia sauti yoyote?"

"Hapana."

"Ulimwambia ili afurahi."

"Ndiyo. Na ili nisionekane sijui."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa nimekata tiketi," alisema. "Uliponipigia mama yako, nikairudisha." Hakusema zaidi juu ya hilo, nami sikumwomba aseme. Baada ya muda akaongeza, kama anayesema na mtu mwingine, "Mimi nasali kwa Kiarabu na Kiarabu sikijui. Lakini kabla sijafundishwa kusali nilifundishwa ninachosema. Maalimu alinishika mpaka nikakijua kwa Kiswahili."

Mke wa mjomba akaleta ugali na migebuka, akaweka sinia katikati, akaleta maji tukanawa. Mjomba akasema Bismillahi yake. Kisha akanitazama, mkono wake ukiwa bado juu ya sinia, akasema, "Haya, na wewe omba kwa dini yako. Kwa sauti, nisikie."

Nikafumba macho, halafu nikayafumbua.

"Asante Mungu kwa chakula hiki."

"Amina," akasema mjomba, tukaanza kula.